Karata za Kujitungia: Maswali Tunayoulizwa Kila Jumamosi

Tunakutana Jumamosi alasiri hapa Mtwara mjini, chini ya mwembe kama jua linawaka na kibarazani kama mvua inanyesha, kila mtu na karata zake alizojitungia mwenyewe. Wengine hutoka Mikindani, na mara mojamoja basi la Lindi hutuletea mgeni. Maswali yanakuja yaleyale, nami nimechoka kuyajibu huku nikichanga karata, basi nimeyaandika. Majibu ni yangu. Wenzangu wanabishana nami juu ya karibu nusu yake.

Karata gani hizi? Si zile za kopa na shupaza?

Siyo hizo. Zile kila mtu anazijua, ni hamsini na mbili, na ree ni ree hapa na Tunduru. Katika karata tunazotunga sisi, kila moja ina jina lake, picha yake, gharama ya kuicheza, na maneno yanayoeleza inafanya nini. Tena kila mchezaji huja na rundo alilolipanga mwenyewe kutoka kwenye karata alizokusanya au kubadilishana na wenzake. Rundo lako na langu haliwi moja. Utamu unaanzia hapo, na ugomvi pia.

Mchezo wa kwanza wa aina hii kupata jina duniani ni Magic: The Gathering, uliotoka Marekani mwaka 1993. Aliyeutunga ni Richard Garfield, mtu wa hisabati, na kampuni iliyouchapa ni Wizards of the Coast. Pokémon ikafuata Japani mwaka 1996, na Yu-Gi-Oh! ya Konami mwaka 1999. Vijana wengi wanaokuja kwetu waliziona kwanza kwenye katuni, ndipo wakajua kumbe kuna karata zake.

Kuna wanaosema "deki" badala ya rundo. Sikatazi, ila ukimwambia mama yako unakwenda kupiga deki atafurahi sana, halafu utajua mwenyewe.

Lazima niwe nimecheza Magic au Pokémon kabla ya kutunga?

Hapana. Mtunzi wetu mzuri kuliko wote alikuja akiwa mtu wa bao tu. Bao la Kiswahili lina kete 64, kila mchezaji 32. Mwanzoni unapanga 10 ubaoni na kubaki na 22 mkononi, nazo unaziingiza mojamoja wakati wa namua. Zikiisha mkononi, mchezo unageuka kuwa mtaji, na mwendo wake ni mwingine kabisa. Yeye alilichukua hilo moja kwa moja: katika mchezo wake kila mtu ana vibonye kumi vya gharama ambavyo havirudi. Vikiisha, karata zilizoko uwanjani zinaanza kusogea. Hakuna aliyemfundisha. Aliyakuta hayo barazani kwa babu yake.

Ukitaka kulinganisha idadi, nakupa. Magic rundo halipungui karata 60, na karata yenye jina moja haizidi nakala 4, isipokuwa zile ardhi za msingi, karata zinazokupa nguvu ya kulipia nyingine. Pokémon ni 60 kamili. Yu-Gi-Oh! ni 40 hadi 60, nakala zisizidi 3. Sisi tunacheza kwa 30 na nakala 3. Sababu haina falsafa yoyote: ukikata karata 60 kwa mkasi wa kushonea, vidole vinavimba.

Nianze na karata ngapi?

Kumi. Nakala tatu za kila moja, umepata rundo. Mwenzako apewe kumi hizohizo. Watu wanakuja na daftari lenye karata mia mbili ambazo hazijawahi kuguswa mezani, na mia na tisini kati ya hizo ni karata moja iliyobadilishwa jina.

Nitunge juu ya nini?

Juu ya kitu unachokijua kwa undani kuliko anayekaa mbele yako. Mazimwi na mashujaa wenye panga za moto wapo wengi, na aliyewachora Tokyo amewachora vizuri kukushinda.

Nitoe mfano wa korosho. Kijana mmoja wa Newala alileta mchezo wa korosho ambao kila karata ilisema "ongeza korosho 2" au "ongeza korosho 3". Tulicheza mara mbili, tukapiga miayo. Alichokiacha ni kile ambacho mtoto yeyote wa kusini anakijua: kati ya ua na mnada kuna mambo mengi. Kuna ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaokausha maua. Kuna salfa, dawa yake, ambayo unapaswa kuipuliza mapema, kabla hujajua mwaka huu ugonjwa utakuwa mkali au la. Kuna kangomba, ile biashara ya magendo ya kumshika mkulima kwa fedha kidogo kabla hajavuna. Kuna stakabadhi ghalani, ambapo mzigo unaingia ghalani leo na fedha unaisubiri.

Tulimrudisha nyumbani na hayo. Aliporudi, karata ya Salfa ilikuwa inachezwa kifudifudi kabla mpinzani hajaonyesha kama ana Ubwiriunga mkononi. Ukiweka na yeye hana, umepoteza fedha; usipoweka na anayo, shamba limekwenda. Kangomba ilisomeka hivi: "Pata fedha 4 sasa hivi. Mavuno yako yajayo ni ya mpinzani wako." Stakabadhi ilitoa fedha 6, lakini baada ya zamu mbili. Karata hizo tatu tu, na watu walikaa mpaka adhana ya magharibi. Mtu wa Naliendele, mahali ambapo utafiti wa korosho ndiyo kazi ya watu, alimsahihisha mambo mawili ya msimu, na hayo nayo yakawa karata.

Mkoa wa Lindi nao una hazina ambayo sijaona mtu akiimaliza. Tendaguru, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, na watu wa hapa ndio walioibeba mabegani na vichwani kwa siku kadhaa za mguu hadi bandari ya Lindi. Kiunzi kimojawapo kimesimamishwa Berlin, kimepita mita 13 kwenda juu. Mtunzi wa kawaida atakimbilia kuchora mjusi mkubwa mwenye nguvu 13. Mimi ningetunga mchezo wa wabebaji: kila mfupa una uzito, njia ina zamu nne, na mpinzani naye ana msafara wake. Kilwa Kisiwani ina masultani waliopiga sarafu zao wenyewe za shaba, na ina bandari iliyonufaika na dhahabu ya Sofala. Hiyo ni biashara tayari, unahitaji tu kuipa gharama.

Naweza kutumia mapiko (ngoma ya vinyago ya Wamakonde), jando na unyago?

Kinyago cha lipiko kikicheza hadharani kila mtu anakiona, kichore. Yanayofundishwa ndani si ya karata. Kama hujui mpaka uko wapi, muulize mzee wa kwenu kabla ya kuchora, na akikukatalia usimzunguke kwa kumuuliza mwingine.

Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 tunaulizwa pia. Vilianzia huku, milima ya Matumbi, na wajukuu wa waliokufa wapo. Tumewahi kuletewa karata ya "Maji ya Kinjekitile" inayozuia risasi zote. Tuliuliza swali moja: mchezaji anaijua mapema kwamba haizuii, au anagundua vitani? Aliyeitunga alikaa kimya, kisha akaiondoa. Wiki tatu baadaye aliirudisha ikiwa karata inayounganisha viumbe wa koo mbalimbali wapigane pamoja, kwani ndicho yale maji yalichokifanya kweli. Ni karata bora mno kuliko ile ya kwanza.

Niandikeje maneno ya karata?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ugomvi wetu mwingi haukuwa wa nguvu wala gharama. Ulikuwa wa sarufi.

Kiswahili kina zawadi ambayo watunzi hawaitumii, nayo ni upatanisho wa ngeli. Angalia: "Papa wa Msimbati akiingia, mwondoe." Nani aondolewe? Papa mwenyewe? Kiumbe wa mpinzani? Mpinzani atoke akanunue maji? Tulikubaliana, baada ya kelele nyingi, kwamba kwenye karata zetu wachezaji wanafuata A-WA, viumbe vinafuata KI-VI, na karata pamoja na vifaa vinafuata I-ZI. Mwalimu wa Kiswahili aliyemo kundini alipinga, maana chenye uhai hufuata A-WA, na darasani ana haki kabisa. Lakini mezani faida yake ni kubwa: "akitupe" maana yake mchezaji atupe kiumbe, "aitupe" maana yake mchezaji atupe karata. Kiambishi kimoja kimefanya kazi ya sentensi nzima. Papa wetu sasa anasomeka: "Kikiingia uwanjani, mpinzani achague kiumbe chake kimoja akirudishe mkononi." Hakuna aliyebisha tangu hapo.

Kauli ya kutendwa ni adui. "Karata moja itupwe" haisemi nani anachagua. Mtaje mtendaji kila mara.

"Kila zamu" ni zamu yako tu, au na ya mwenzako? Andika "kila zamu yako" au "kila zamu ya mchezaji yeyote". "Unaweza" na "lazima" si ndugu. Ukiacha yote mawili sisi tunasoma lazima. "Zaidi ya 3" inaanzia 4, na kila wiki kuna mtu anayeapa kuwa inaanzia 3, basi ukitaka 3 iwemo andika "kuanzia 3". Na ukiandika "ondoa", sema kinakwenda wapi. Mahali petu ni panne: rundo, mkononi, uwanjani, jalalani. Kitu kisichorudi kabisa tunasema "nje ya mchezo".

Karata ikipingana na kanuni za jumla, karata inashinda. Hilo tumeliiga kwa Magic na halina ubishi.

Kama maneno hayatoshi kwa herufi ambazo mtu wa miaka hamsini anazisoma bila miwani, karata ina mambo mawili ndani yake. Igawe.

Nitajuaje karata yangu itatoka mara ngapi?

Hesabu ya darasa la saba inatosha. Una rundo la 30, karata unayoitaka ina nakala 3, unaanza na karata 5 mkononi. Tafuta kwanza nafasi ya kutokuwa nayo kabisa: chukua 25 × 24 × 23, gawa kwa 30 × 29 × 28. Unapata kama 0.57. Kwa hiyo nafasi ya kuwa nayo walau moja tangu mwanzo ni asilimia 43 hivi. Nakala 2 zinakupa asilimia 31, nakala 1 ni moja kwa sita. Kwa kulinganisha, nakala 4 katika rundo la 60 na karata 7 mkononi ni asilimia 40, basi rundo letu dogo linaleta kitu chako haraka kidogo kuliko la Magic.

Ndiyo maana karata isemayo "shinda mchezo kama una Tendaguru na Berlin mkononi" si adimu kama mtunzi wake alivyodhani. Alitegemea ingetokea mara moja kwa mwezi. Ilitokea mara mbili siku ya kwanza.

Mnaleta karata za ukubwa gani, na mnachapa wapi?

Milimita 63 kwa 88, ukubwa wa Magic na Pokémon. Za Yu-Gi-Oh! ni 59 kwa 86. Kwenye A4 moja unapata karata tisa, tatu kwa tatu, na ukingo unabaki wa kutosha.

Kwa majaribio usichape kitu. Karatasi ya daftari, penseli, gundi, juu ya karata za kawaida zilizopungua pakiti. Mgongo unakuwa mmoja, zinachangika vizuri, na huoni uchungu kufuta. Mtu aliyechapa kwa rangi habadilishi tena kitu hata ukimwonyesha shimo. Nimeliona hilo mara nyingi mno.

Ukifika wakati wa kuchapa, nenda steshenari na faili lako, waombe manila nyeupe na uulize mashine yao ni ya wino wa maji au ya unga. Huku pwani na jasho letu, wino wa maji unahamia kidoleni kabla ya mchezo wa pili. Wa unga unashika. Laminesheni inapendeza, ila karata zinateleza kama samaki na rundo la 30 linakuwa nene kama tofali. Pembe zichonge kwa kikata kucha. Usicheke, jaribu.

Naweza kuweka picha ya Pikachu, au picha niliyoikuta mtandaoni?

Nyumbani kwako na mdogo wako, hakuna anayekuja kukukagua. Ukianza kuuza au kugawa, ni habari nyingine. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, na COSOTA ndiyo inayoisimamia. Picha, majina ya wahusika na maneno yaliyoandikwa na mwingine ni mali yake.

Wazo la kanuni ni jambo tofauti. Kuvuta karata, kulipa gharama, kugeuza karata ubavu kuonyesha imetumika, hayo hakimiliki haiyafungi. Wizards of the Coast waliwahi kupata hataza, ile haki anayopewa mvumbuzi, Marekani mwaka 1997 juu ya namna ya kucheza mchezo kama wao, lakini hataza ina umri, na ile umri wake umekwisha. Nakili wazo, usinakili karata.

Picha za akili mnemba tunazipokea kwenye karata za majaribio. Kwenye toleo la mwisho kundi limegawanyika, na mimi niko upande wa yule binti wa Chuno anayechora kwa kalamu ya wino na kudai soda moja kwa kila picha.

Nikileta karata, mnaijadilije?

Kwanza, huielezi. Hili ndilo gumu kuliko yote. Unaisoma kwa sauti kama ilivyoandikwa, unaiweka mezani, unanyamaza. Wawili wasioijua wanaicheza, wewe una daftari. Wakikuuliza "hii maana yake nini?" hujibu, unaandika swali lao. Swali lile ni kasoro ya maneno yako, na ukilijibu kwa mdomo utasahau kulirekebisha kwenye karatasi.

Baada ya michezo miwili kila aliyecheza anasema kilichotokea. Sijasema anavyoiona. "Niliivuta zamu ya pili, nikaishika mpaka ya saba, sikuwahi kutaka kuilipia" ni maelezo yenye thamani. "Iko poa" ni salamu. "Mbaya" ni matusi. Halafu mwenye karata anatamka alichotaka kitokee, na hapo ndipo kila mtu anaona umbali kati ya nia na meza. Maoni ya namna ya kuirekebisha yanakuja mwisho, na ni pale tu mwenyewe akiyaomba. "Mimi ningeifanya hivi" ikija mapema, baada ya dakika kumi karata si yake tena, ni ya yule mwenye sauti kubwa.

Utaratibu huu niliulipia mimi. Nilitunga karata ya Daraja la Umoja, lile la Mtambaswala linalotuunganisha na Msumbiji, iliyokuruhusu kuvusha kiumbe upande wa mpinzani. Niliieleza kwa dakika kumi, wote wakatikisa kichwa, mmoja akasema ndiyo karata bora ya mwaka. Kisha tukacheza mara nne. Hakuna hata mmoja aliyeicheza, hata mimi. Gharama yake ilikuwa sawa na kiumbe kizima, na kila mtu, akiwa peke yake na karata zake, alichagua kiumbe. Maelezo yangu yalikuwa yameishinda akili yao, mezani hayakuwepo.

Karata mbili au tatu kwa kikao zinatosha. Ukileta kumi na tano tutasifu michoro tu na kwenda kunywa chai.

Aliyeleta karata ni mzee, mimi ni mdogo. Nitamwambiaje kuwa haifai?

Shikamoo kwanza, na isiwe ya haraka. Halafu usimwambie, mchezeshe. "Mzee, nikicheza hii hapa, wewe ungejibu na nini?" Akikosa jibu, ameliona mwenyewe na hakuna aliyemvunjia heshima. Zungumza juu ya karata: "hii inamaliza mchezo mapema", si "umekosea".

Mzee mmoja mstaafu wa shughuli za bandarini alileta Nahodha, kiumbe kilichomaliza mchezo zamu ya tatu. Vijana wote walitazama chini. Binti wa miaka kumi na minne akasema, "Babu, naomba nimshike mimi Nahodha, wewe cheza na rundo langu." Akamfunga mara tatu mfululizo. Mzee alicheka mpaka akakohoa, akaomba kalamu.

Mtani wako akiikejeli karata yako, hilo ni lake na lako, lina utamu wake. Ila hatuliandiki kwenye daftari.

Kwa nini mnasema karata yangu ina nguvu kupita kiasi wakati ni adimu, nakala moja tu?

Kwa sababu siku ikitoka, aliyekaa mbele yako haulizi zipo ngapi. Black Lotus ya Magic ya mwaka 1993 ilikuwa adimu, inachezwa bure na kukupa papo hapo nguvu tatu za kulipia karata nyingine. Uadimu haukuizuia, maana walionunua pakiti nyingi walizipata. Leo katika mtindo wa Vintage unaruhusiwa moja tu, na katika Legacy imepigwa marufuku.

Sisi tunatumia kipimo cha kuanzia kwa viumbe: gharama 1, jumla ya shambulio (kinavyopiga) na uhai (kinavyostahimili) isizidi 2, gharama 2, isizidi 4, na uwezo wowote wa ziada unakula pointi moja. Kipimo ni kibovu, lakini ukivuka walau unajua umevuka.

Mwanangu anashinda kwenye karata. Hii si kamari?

Naelewa, maana neno karata huku linaleta picha ya vibarazani na sarafu chini. Kwetu hakuna fedha mezani, na hatuuzi pakiti zilizofungwa ambazo mtoto hajui kilichomo. Hiyo ya pili kundi liliwahi kuijadili kwa ajili ya kuchangia manila, tukaikataa. Watoto wanabadilishana karata waziwazi, na anayejuta baada ya kubadilishana ana muda mpaka mwisho wa kikao kurudishiwa yake. Njoo ukae Jumamosi moja, mama, uone. Chai ipo.

Niko Liwale, siwezi kuja. Nijaribu na nani?

Na wewe mwenyewe. Panga marundo mawili, cheza upande mmoja kwa uaminifu kisha hama kiti. Kuhama kiti kwa mwili kunasaidia, usiulize kwa nini. Baada ya hapo mpe mtu mwingine asiyeyajua marundo yako, kaa mbali naye, na andika kila mahali alipositasita. Ukitaka tukuchezee, tutumie maneno ya karata yakiwa yameandikwa, si picha ya karata iliyopigwa usiku kwa taa ya simu. Tutaandika upya kwa penseli, tutacheza, na tutakurudishia kilichotokea.

Mtu amechukua wazo langu la karata.

Kila karata inayokuja tunaiandika tarehe na herufi za mtunzi nyuma ya daftari. Mara nyingi tunakuta wawili walifikiri jambo moja wiki moja, hasa wakati wa msimu wa korosho. Kama ni picha au maneno yamenakiliwa, njoo na daftari tuyaweke pamoja.

Lini niseme karata imekwisha?

Ikichezwa na meza tatu tofauti, watu wasiokujua, na daftari lako halina swali jipya. Wengi hawafiki hapo na si aibu. Daraja langu la Umoja limeshushwa gharama mara mbili, na mwezi uliopita mtu mmoja aliicheza, akapoteza mchezo kwa sababu yake, akasema angeirudia tena. Nahodha wa yule mzee yuko toleo la saba. Sasa anamaliza mchezo zamu ya sita, akiwa na mashua mbili uwanjani na upepo wa kusi, na mzee bado anadai tumembana.